Urafiki wa Kangomba: Mashosti, Bata na Roho ya Korosho

Ukitaka kujua urafiki wa mjini una afya gani, usiangalie picha ya saa tano usiku. Subiri saa tisa, bili ikifika mezani. Saa tano kila mtu ni besti wa mwenzake, chupa zimepangwa, taa za simu zinawaka, amapiano inaunguruma mpaka glasi zinatembea zenyewe. Saa tisa mhudumu anakuja na kikaratasi chake, na ghafla mmoja yuko chooni, mwingine anaongea na simu ambayo haijaita, wa tatu anaapa kwamba hela imeshatumwa ila mtandao unasumbua. Anabaki mmoja anafungua pochi. Na huyo huyo, kesho mchana, ndo atasemwa kwamba anajifanya ana hela.

Wadau wengi wakisikia stori za aina hii wanawaza Sinza, Masaki na Mikocheni. Waache Dar kidogo. Songea nako watu wanakula bata, tena bata la baridi, maana Juni na Julai mtu anaingia kiwanja na jaketi mpaka shingoni, anajiuliza atalivua saa ngapi ili gauni lionekane. Vijana wanatoka Mbinga, Nyasa, Namtumbo na Tunduru, wanapanga vyumba Lizaboni, Mfaranyaki, Bombambili, wanatafuta maisha mchana na kutafuta picha usiku. Wapo wanaotoka Mbesa, kule Tunduru, ambako watu wa mbali wanakujua kwa hospitali ya misheni na wenyeji wanakujua kwa mikorosho. Zamani mvua ikinyesha, kutoka Tunduru hadi Songea mtu alikuwa anaweza kulala njiani. Siku hizi kuna lami. Binti anapanda basi asubuhi, jioni yuko mjini na begi lake, na kabla hajapata kazi ameshapata stetasi ya kwanza.

Sasa kuna msemo mmoja ambao Watanzania wanautumia sana: roho ya korosho. Mtu akikunyima, akikununia umepata simu mpya, akisema wigi lako linanuka, unaambiwa achana naye, ana roho ya korosho. Watu wa mjini wanausema tu. Watu wa Tunduru wanajua kwa nini unauma. Korosho haikai ndani ya tunda, inaning'inia nje, chini ya bibo. Bibo ni tamu, lina maji, mtoto yeyote anaokota anakula, na yanayobaki yanakuwa uraka. Korosho yenyewe ganda lake lina mafuta yanayounguza ngozi, ndo maana lazima ichomwe au ichemshwe kabla hujabangua, na ukiwa mzembe mikono inabaki na alama. Utamu na moto vinaning'inia kwenye kikonyo kimoja. Bibo ukiliacha siku mbili limeshaoza. Korosho inakaa.

Ndo kisa cha mashosti wawili wa Mbesa kilivyokuwa.

Hawa wawili walichezwa unyago pamoja. Wanaotoka kusini wanajua uzito wa hilo, huyo sio rafiki wa kukutana naye kwenye foleni ya chipsi. Walisoma pamoja, wakamaliza kidato cha nne matokeo yakiwa yale ya kuambiana Mungu atafungua mlango mwingine, wakaja Songea wakapanga chumba kimoja Lizaboni kwa elfu arobaini kwa mwezi, elfu ishirini kila mmoja. Godoro moja, ndoo mbili, jiko la gesi lile dogo. Mmoja akapata nafasi saluni, ni msusi mzuri kweli, mikono myepesi. Mwenzake akakaa kwenye kibanda cha wakala wa pesa kwa simu, anamfanyia kazi bosi mmoja, analipwa kwa mwezi.

Mwaka wa kwanza hawakuwa na hela ya kugombania, kwa hiyo hawakugombana. Wakila ugali na dagaa walikuwa wanapiga picha sufuria na kucheka. Hilo watu huwa wanalisahau wakishaanza kusema fulani alikuwa mnafiki tangu zamani. Hakuwa mnafiki tangu zamani. Zamani hakukuwa na kitu cha kuunafikia.

Halafu msusi akaanza kurekodi video za misuko yake. Zikapendwa. Wateja wakaongezeka, na pamoja na wateja wakaja wale wanaume wa meza, wafanyabiashara wa mazao wanaoshuka na hela mfukoni na hamu ya kuonekana. Mwanaume wa aina hii hataki kitu kingi. Anataka akae katikati, chupa ziwe nyingi kuliko watu, na mabinti wapendeze pembeni ili wenzake wa meza ya pili waumie. Msusi akawa anaitwa. Naye, kwa sababu alikuwa na moyo, akawa hatoki bila shosti wake wa kibanda.

Hapa ndo pa kutulia kidogo, maana hapa ndo watu hawaangaliagi. Kwenye kila kundi la bata kuna mtu mmoja ambaye kazi yake haina jina. Ndiye anayeshika mikoba watu wakienda kucheza. Ndiye anayekumbuka viatu vya nani viko chini ya meza. Na ndiye anayepiga picha. Kwa miezi saba yule binti wa kibanda alikuwa huyo. Anachuchumaa mbele ya meza ili mwenzake aonekane mrefu, anaambiwa rudia, anarudia, anaambiwa hii mkono wangu mnene, anarudia tena. Kwenye simu ya msusi zimo picha mamia. Yeye yumo kwenye chache, na kwenye nyingine amegeuka.

Julai ikafika siku ya kuzaliwa ya msusi. Keki walichanga. Ila msusi alikuwa hana nguo wala nywele ya siku ile, na saluni mwezi huo ulikuwa mbaya. Akaomba kwa shosti. Shosti hakuwa na hela yake, alikuwa na hela ya kibanda. Akatoa laki moja na arobaini kwenye mtaji wa bosi, kwa makubaliano kwamba Jumatatu inarudi, maana yule jamaa wa mazao alikuwa ameahidi zawadi. Juu ya hiyo, kodi ya chumba msusi alikuwa hajalipa nusu yake miezi mitano, laki moja nzima, mwenzake anamfichia kwa mwenye nyumba. Jumla laki mbili na arobaini. Kwa watu wa Masaki hiyo ni meza ya kawaida tu. Kwa binti wa kibanda Lizaboni hiyo ni kazi yake, chumba chake na heshima yake.

Sherehe ikafana. Kesho yake picha ya keki ikapandishwa. Aliyeshika kisu ni msusi, kawaka kama taa, na upande wa kulia wa picha pamekatwa. Limebaki bega la mtu na mkono ulioshika glasi. Ni bega la yule aliyetoa hela ya wigi linaloonekana kwenye hiyo hiyo picha.

Zawadi ya jamaa ilikuwa maneno. Jumatatu ikapita, ikaja nyingine. Bosi akafanya hesabu, akakuta pengo, akampa binti siku tatu. Binti akaenda kausha damu akachukua laki moja na nusu, akaziba pengo, na kazi akafukuzwa vilevile. Akabaki na marejesho ya elfu ishirini kila wiki kwa wiki kumi, bila mshahara. Akamwambia mwenzake, kwa upole mara ya kwanza, kwa sauti mara ya pili. Mara ya tatu walijibizana mpaka jirani akagonga ukuta. Usiku ule msusi akaandika stetasi kwamba wenye wivu wajinyonge, kamba anatoa yeye. Watu wakaweka vikopa na vicheko. Waliolala wakaamka kuchochea, eti malizia shosti, wape na makavu.

Aliyeambiwa ajinyonge alikuwa amelala kwenye lile lile godoro, amegeukia ukutani, anaisoma.

Sasa hebu tuseme ukweli kuhusu hili neno wivu. Mjini limekuwa kama pasi ya kuingilia bure. Mtu anakudai, una wivu. Mtu anakwambia yule jamaa ana mke Mbinga, una wivu. Mtu anakwambia umelewa, shuka kwenye pikipiki ya huyu kijana, una wivu. Kuna watu wamejenga jina zima la mtandaoni kwa kupigana na wenye wivu ambao ukiwahesabu ni watu watatu, na wote watatu wanawadai. Deni haliwezi kuitwa roho mbaya likafutika. Laki mbili na arobaini ni laki mbili na arobaini hata kama anayeidai ana kijicho cha kutisha.

Na alikuwa nacho, tusimtakase. Binti wa kibanda alikuwa anaumia kuona mwenzake anang'aa. Aliumia kabla ya deni. Miezi ile saba ya kuchuchumaa haikumpita hivi hivi. Watu wanataka kisa kiwe na mmoja mwenye wivu na mmoja msafi, ili wajue wakae upande gani. Kisa hiki kinakataa. Alikuwa na wivu na alikuwa na haki. Vyote viwili ndani ya mtu mmoja, kama bibo na korosho.

Uswahilini vita vya maneno sio vigeni. Miaka ya 1990 Dar ilikuwa inajaza kumbi kwenda kusikiliza mipasho, TOT upande huu na Muungano upande ule, Khadija Kopa na Nasma Khamis wanatupiana vijembe vya taarab mpaka watu wanatuza hela huku wanalia. Ila ile ilikuwa jukwaani, taa zinawaka, bendi inapiga, tiketi imelipiwa, na anayepigwa kijembe ana bendi yake ya kujibia wiki ijayo. Stetasi ya usiku wa manane dhidi ya mtu mnayechangia ndoo haina bendi ya upande wa pili. Ni mpasho kwa mtu ambaye hana hata bando la kujibu.

Wadau wa Bongo Movie watakumbuka Machi 2013, pale Mahakama ya Kisutu. Mwigizaji mmoja alihukumiwa kifungo cha miaka mitano au faini ya shilingi milioni 13. Hakuwa nazo. Shosti wake, mrembo aliyewahi kuvaa taji la Miss Tanzania, akazitoa, na mwigizaji akatoka mahakamani anaelekea nyumbani badala ya gerezani. Majina kila mtu anayo kichwani. Nchi nzima ikasema huu ndo urafiki. Baadaye urafiki ule ukavunjika hadharani, mashabiki wakagawana timu, na kila mwigizaji yule alipofungua mdomo kusema lolote, watu walimrukia na milioni 13. Hata kama angekuwa na hoja, hoja ingesimama wapi? Ukishatolewa gerezani na mtu, una haki ya kumnunia lini? Aliyelipa huenda hakuwahi kuwaza hivyo. Mashabiki ndo walioigeuza ile hela kuwa mnyororo, wanaokumbushia kila siku deni ambalo sio lao.

Kusini jambo kama hilo lina jina. Kangomba. Asiyejua, ni hivi: mkulima wa korosho ana shida kabla ya mavuno, mtoto anaumwa au sare ya shule inatakiwa, na minada ya ushirika bado. Anakuja mtu na hela mkononi, anamnunulia korosho zikiwa bado juu ya mti, kwa bei ya kutupa. Msimu ukifika mkulima anavuna mzigo ambao sio wake tena. Serikali inaupiga vita mchezo huu miaka yote. Msimu wa 2018, pale Rais Magufuli alipoagiza korosho zinunuliwe na serikali kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likapewa kazi ya kuzibeba, wakulima walihakikiwa mashamba yao kabla ya kulipwa, kangomba ikiwa moja ya sababu. Uhakiki ukachukua muda, hela zikachelewa, na sehemu nyingi za kusini biashara zililia pamoja na wakulima, za baa zikiwemo.

Urafiki wa meza una kangomba yake. Anakununulia kinywaji leo huna kitu, anakulipia bodaboda, anakuazima gauni, na humu ndani anaandika. Siku umeiva, umepata kazi, umepata mtu wa maana, umepata wafuasi, anakuja kuvuna. Usipompa, ana ushahidi: wewe nilikuokota, wewe ulikuwa unavaa kandambili zangu. Na upande wa pili nao upo, tusijifiche. Kuna anayekubali kununuliwa akijua kabisa anauza korosho za juu ya mti, halafu msimu ukifika anataka kukimbia na gunia. Msusi alifanya hivyo. Miezi mitano ya kodi ilikuwa mti wake wenyewe, akajifanya ni wa mwenzake.

Wavulana wasikae pembeni wanacheka kwamba haya ni mambo ya kina dada. Angalia vijiwe vya bodaboda. Kijana yuko kwenye mkataba, anapeleka hesabu ya kila siku kwa mwenye pikipiki, mvua inamnyeshea, trafiki wanamkimbiza, mpaka siku pikipiki inakuwa yake. Jioni hiyo hiyo wana wanamzunguka: bosi, toa za wana. Asipotoa ni bahili, tena mchawi. Akitoa, hawatosheki na bia mbili, wanataka kreti, wanataka kuku, wanataka wakumalize usiku ule ule ili kesho muwe sawa tena. Hakuna atakayesema ana wivu. Wanaume wivu wao wanauita mnuso. Ukiwa makini utaona wale wanaoshangilia zaidi pikipiki yako ndo wanaoagiza zaidi.

Na simu imeongeza chumvi. Meza moja ya laki moja na themanini, kalipa mwanaume mmoja, wamekaa mabinti sita. Kila mmoja anaipandisha kama ya kwake. Kule Mbesa kuna mtu kalala kwenye kibaraza, kanunua bando la shilingi mia tano, anaona meza sita. Anaona matajiri sita, wakati ni bili moja na deni moja. Anamuuliza mama yake kwa nini yeye bado yuko hapa. Mwaka ujao naye yuko kwenye basi.

Turudi kwa wawili wetu, maana kisa hakikuishia kwenye stetasi.

Agosti binti wa kibanda alihama Lizaboni, akalala kwa ndugu huku akifua nguo za watu ili marejesho yaende. Oktoba minada ikaanza, akarudi Mbesa kumsaidia mama yake kuokota korosho. Mtu akirudi kutoka mjini bila kitu, watu wanamuuliza mambo mawili: umeleta nini, na mwenzako vipi. La kwanza hakuwa na jibu. La pili alijibu. Alisema bombani, wanawake wakiwa wanasubiri ndoo zijae, kwamba mwenzake Songea anajiuza.

Haikuwa kweli. Msusi alikuwa anasuka mpaka vidole vinavimba, na usiku anakaa kwenye meza za watu wanaotaka kuonekana, anakunywa soda nyingi kuliko pombe, anarudi kulala kwake. Na hata angekuwa na mtu wake, hilo lingekuwa lake. Ila neno likishatoka bombani halina haja ya kuwa kweli. Likapita kwa mama mkubwa wa msusi, likapita ofisi ya ushirika, likamfikia mama yake mzazi siku ya kwenda kuangalia malipo, mbele ya watu.

Kati ya deni na neno lile, kipi kikubwa? Hapa kuna watu wanasema ngoma droo, kila mmoja kamfanyia mwenzake. Sio droo hata kidogo. Laki mbili na arobaini ina namba, unaweza kuilipa kwa mafungu, unaweza kucheza upatu ukaimaliza. Neno la bombani halina namba. Unalilipa kwa nani? Kwa kila mwanamke aliyekuwa na ndoo siku ile? Binti wa kibanda alikuwa na haki mpaka alipofika bombani. Pale aliiacha yote chini, akaondoka na ndoo tu. Na yule msusi, aliyeshangiliwa na watu wasiomjua kwa stetasi ya kamba, hakuna hata mmoja kati ya wale waliomwekea vikopa aliyejua kwamba Mbesa kuna mama anaangalia chini akitembea.

Msusi alikuwa anatuma nyumbani elfu thelathini kila mwisho wa mwezi. Hata miezi ile aliyokuwa halipi kodi alikuwa anatuma, jambo ambalo mwenzake alilijua na lilimuuma kivyake. Novemba akatuma kama kawaida. Kesho yake simu ikalia ujumbe: imeingia elfu thelathini kamili, kutoka kwa mama. Mama hakutoa kidogo ya makato. Alitembea mpaka kwa wakala, akairudisha nzima, makato akalipa kwa hela yake ya korosho. Msusi akapiga, simu haikupokelewa. Akampigia mdogo wake wa kiume. Dogo akasema, "Dada, mama kasema hela yako ikae huko huko."

Hapo ndo bata lilipokata. Desemba yote, msimu wa watu kurudi nyumbani, hakwenda. Zamu yake ya upatu ilipofika, kijumbe akamkabidhi, na siku hiyo hiyo akatuma laki mbili na arobaini kwa shosti wake wa zamani. Hakuandika kitu. Akapunguza na zile picha, ila ile ya keki aliiacha, na chini yake akaandika jina la mwenye bega.

Kule Mbesa binti wa kibanda alipokea hela, akamalizia kausha damu. Halafu alifanya kitu ambacho wengi hawakifanyi: alivaa khanga yake, akaenda nyumbani kwa mama wa msusi kufuta maneno. Alisalimia, akakaa kwenye mkeka, akasema mama, shikamoo tena, yale niliyosema bombani hayakuwa kweli, nilikuwa na hasira, nilikuwa namdai.

Mama akaendelea kuchambua korosho zake. Akamuuliza, "Siku ile ulisema uongo kwa kuwa alikuwa anadaiwa. Leo amekulipa. Mwanangu, mimi nijue vipi leo unasema kweli?"

Binti hakuwa na jibu. Akakaa kidogo, akaaga.

Mwisho wa Januari elfu thelathini ilitumwa tena Mbesa. Ilirudi kesho yake, kamili, makato yamelipwa.